Kabla Hajakariri, Mwache Anuse

Mwalimu wa shule ya Jumapili anayetafuta habari moja ya Biblia inayopita kwenye milango yote mitano ya fahamu afungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Isaka amezeeka na macho yake hayaoni tena. Anamwagiza mwanawe mkubwa, Esau, aende porini akawinde, ampikie baba yake nyama anayoipenda, kisha baba ambariki. Rebeka anayasikia hayo na kumwita Yakobo, mtoto wake kipenzi. Wanachinjwa wana-mbuzi wawili, mama anaandaa chakula, Yakobo anavikwa nguo za kaka yake na ngozi za mbuzi zinafungwa mikononi na shingoni mwake. Mzee anasikiliza, anapapasa, anakula, ananusa. Mwishoni anambariki asiyemkusudia.

Watoto wa Kibosho, Machame, Old Moshi au Rombo, huku Kilimanjaro, hawahitaji picha ili waielewe habari hii. Manyoya ya mbuzi wameyashika. Harufu ya nyama inayochomwa uani wanaijua tangu walipokuwa wanabebwa mgongoni, maana Desemba ikifika na ndugu wakapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, hakuna boma lisilonukia ndafu. Mwalimu akiwauliza ni mlango gani uliomwambia Isaka ukweli, watatulia kidogo kisha watajibu: sikio. Sauti ilikuwa ya Yakobo, na mzee mwenyewe aliligundua hilo. Lakini akauamini mkono na pua. Kwa nini aliacha kulisikiliza sikio lake? Je, pua inaweza kudanganywa? Na mkosaji ni nani, aliyedanganyika au aliyedanganya? Mtoto wa miaka saba anaweza kubishana na wenzake juu ya maswali hayo njia nzima hadi nyumbani.

Kwa masikitiko, somo la milango ya fahamu halifundishwi hivyo mara nyingi. Linafundishwa kwa chati ukutani na fimbo ya kuonyeshea: jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi. Watoto wanaitikia kwa pamoja kazi ya kila kimoja, wanapiga makofi, somo limekwisha. Katika shule ya Jumapili linaongezewa sentensi moja kwamba Mungu ndiye aliyeviumba, kisha wanarudi kwenye mabenchi. Macho hayakuangalia kitu, pua haikunusa kitu. Kilichofanya kazi ni mdomo peke yake, na mdomo wenyewe haukuonja.

Nasema hivi kwa sababu naamini somo hili ni la msingi kuliko tunavyolichukulia. Ukristo ni imani ya mwili. Unafundisha kwamba Neno alifanyika mwili, akala samaki, akachoka, akalia. Waraka wa kwanza wa Yohana unapoanza, mwandishi hatoi hoja za kifalsafa; anataja masikio, macho na mikono, kwamba kile anachokihubiri kilisikiwa, kilionwa na kilipapaswa. Tunabatiza kwa maji ya kweli, na mezani pa Bwana tunaweka mkate na divai. Zaburi ya 34 inamwalika mtu aonje wema wa Mungu. Basi inakuwaje tumlee mtoto katika imani ya namna hii kwa kukariri tu?

Na inakuwaje tufanye hivyo Moshi, mahali ambapo vifaa vya kufundishia vimejaa kuanzia mlangoni hadi msituni?

Chukua mlima wenyewe, Kilimanjaro. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, Kibo, kilele chake, inaonekana kutoka mjini ikiwa nyeupe juu na ya kijivu chini. Saa nne au tano imeshajifunika, na jioni inaweza kujitokeza tena. Mtoto anayeishi chini yake huacha kuiona kwa sababu ipo kila siku. Mwalimu anaweza kuwatoa watoto nje, akawapa karatasi na makaa au penseli, akawaambia waichore jinsi ilivyo leo. Wiki inayofuata waichore tena. Baadaye kila mmoja aende kwa bibi au babu, amwamkie, amwombe amweleze ilivyokuwa alipokuwa na umri wake. Majibu yatatofautiana na michoro, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Hapo mtoto amejifunza kutazama, na amepewa jambo la kumwuliza Mungu na watu wazima pia.

Historia ya mlima huu nayo ni somo zima la milango ya fahamu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Anglikana cha CMS, aliona weupe juu ya kilele na baadaye akaandika kwamba ni theluji. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe huo baridi tu. Mmoja alikuwa akiueleza kwa macho, mwingine kwa ngozi, na wote wawili walikuwa sahihi. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ubishi huo uliendelea miaka mingi, mpaka safari za Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 zilipothibitisha alichokiona Rebmann. Watoto wapewe habari hiyo siku wanaposoma juu ya Tomaso katika Yohana 20. Watazungumza vizuri sana juu ya nani wa kuaminiwa: aliyeona, aliyehisi, au aliyesoma vitabu akiwa mbali.

Pua ndiyo inayosahaulika zaidi, wakati mitelemko hii ni ya pua. Baada ya kiangazi, mvua ikinyesha ya kutosha, mikahawa hufungua maua meupe kwa pamoja siku chache baadaye. Kihamba kizima, yaani shamba la nyumbani, hunukia kama asumini. Baada ya siku mbili tatu maua yananyauka na harufu inakwisha. Mzazi au mwalimu anayepitwa na siku hizo atasubiri msimu mwingine. Wapeleke watoto, wafumbe macho, wavute pumzi, waseme harufu inafanana na nini. Kisha waambie waangalie ni wadudu gani wamekuja, na kwa nini ua linaita wageni. Baadaye wafungue Yohana 12, pale Mariamu alipoipaka miguu ya Yesu manukato ya nardo na nyumba nzima ikajaa harufu. Mtoto aliyesimama ndani ya kihamba kilichochanua ataelewa maana ya nyumba kujaa harufu bila kufafanuliwa.

Zao hilo lenyewe linahusiana na kanisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndio wanaotajwa kuileta kahawa katika milima hii. Leo makao ya Bodi ya Kahawa yako Moshi, na mjini humu wako watu ambao kazi yao ni kuonja. Wanaijaza kahawa katika vikombe vilivyopangwa mezani, wananusa kwanza, wanachota kwa kijiko, wanaivuta kwa mlio mkali ili isambae ulimi mzima na kupanda hadi puani, kisha wanaitema. Kwa njia hiyo wanatambua kama kahawa iliharibikia kwenye kuchachuka au kwenye kukausha. Mtoto anastahili kujua kwamba ulimi na pua vinaweza kufunzwa mpaka vikawa ajira, na kwamba uaminifu wa mtu huyo una uzito: akisema uongo juu ya alichokionja, mkulima wa Uru au Marangu anaumia mfukoni.

Nyumbani jaribio ni rahisi. Mtoto abane pua, afumbe macho, alishwe kipande cha ndizi kisukari, halafu kipande cha embe bivu. Atashangaa jinsi ladha zinavyokaribiana mpaka aachie pua. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya chakula inatoka kwenye pua. Na tuache kuwafundisha ile ramani ya ulimi inayodai kwamba utamu unaonjwa kwenye ncha na uchungu nyuma. Imo katika vitabu vya zamani lakini si sahihi. Vionjo vyote vinatambuliwa sehemu zote za ulimi zenye vinundu vya kuonjea. Mwalimu Mkristo asimfundishe mtoto uongo juu ya kazi ya Muumba, hata uongo mdogo wa kwenye chati.

Mezani kuna mengi zaidi. Mtori wa ndizi mshare, kiburu cha ndizi na maharage, machalari yenye nyama. Sala ya kabla ya kula imekuwa ya mbio katika nyumba nyingi, amina inasemwa kijiko kikiwa kimeshaingia bakulini. Ningependa wazazi wajaribu kumwacha mtoto anuse kwanza, ataje kilichomo, ndipo ashukuru kwa kile alichokitambua. Shukrani inayotaja ndizi, nyama, chumvi na mikono ya aliyepika ina mwili. Mtoto anayezoea kushukuru hivyo anajua anamshukuru nani na kwa lipi.

Kuhusu sikio nitasema kidogo, maana Wachagga hawajawahi kulinyima haki yake. Vikundi vya matarumbeta vya Kilutheri, urithi wa wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893, bado vinapiga kwenye ibada na mazishi. Maji ya mfongo, mfereji wa asili, yanapita nyuma ya nyumba. Usiku, huko juu karibu na msitu, perere hulia kwa sauti inayowatisha wageni. Kinachokosekana ni kimya cha kumwezesha mtoto azisikie sauti hizo. Samweli aliitwa usiku, taa ikiwa bado haijazimika, na ilimchukua mara kadhaa kutambua ni nani anayeita. Darasa linaloweza kukaa dakika mbili bila kusema, kisha kila mtoto akataja alichokisikia, limeshapiga hatua kubwa.

Wenyeji wa mlima huu walikuwa wakifundisha kwa milango yote muda mrefu kabla ya chati. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliandika majuzuu matatu juu ya mafundisho waliyopewa vijana wa Kichagga. Humo kuna habari za mregho, fimbo iliyochongwa alama ambazo mwalimu alizifuata akifundisha, kila alama na fundisho lake. Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa huku huku na mwalimu mwenyewe, alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Kichagga: michezo, vifaa vya kuchezea ambavyo watoto wanajitengenezea, kazi wanazojifunza kwa kuiga. Anayesoma kazi hizo anakutana na watoto wanaofundishwa kwa mikono na kwa macho mchana kutwa. Na kila Mchagga anajua mmea wa isale. Mtu aliyekosa akija na jani lake mkononi kuomba msamaha, ni vigumu mno kumkatalia. Toba inashikika, inaonekana. Sioni kwa nini mwalimu wa Kikristo aone haya kuonyesha jani hilo siku ya somo la msamaha.

Mjini Moshi kuna pia njia nyingine iliyotoka mbali na ikaota mizizi. Masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema wanaandaa walimu wa watoto wadogo kwa mfumo wa Montessori. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia na Mkatoliki, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa watu maskini wa Rome, Januari 1907. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba akili ya mtoto mdogo inajengwa kupitia mikono na milango ya fahamu, kwa hiyo ipewe vitu halisi kabla ya maneno. Akatengeneza minara ya mbao yenye vipande kumi kuanzia sentimita moja hadi kumi, vibao vya kukwaruza na vya kuteleza, vikopo vya kunusia, vikopo vya kutikisa ili kulinganisha sauti, herufi za msasa ambazo mtoto anazifuata kwa kidole. Mwaka 1954, huko huko Rome, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi walianza kuitumia njia hiyo kufundishia katekisimu: mtoto anagusa kondoo mdogo wa mbao, anamwingiza zizini, anakaa kimya naye, ndipo anasikia habari za Mchungaji Mwema.

Vifaa hivyo vya kiwandani ni ghali, na wapo wanaovunjika moyo wanapoona bei. Lakini usharika wa Mwika au parokia ya Kirua haiukosi msasa, wala haikosi vikopo vya kuweka iliki, karafuu, majani ya mchaichai na udongo uliolowa. Mbao zinapatikana kwa fundi seremala wa jirani ambaye huenda ni mzee wa kanisa. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu aliyeandaliwa, na hapo ndipo sharika nyingi zinapopungukiwa. Tunatafuta fedha za kipaza sauti kipya cha kwaya bila shida; darasa la watoto tunamwachia kijana yeyote aliye tayari, bila mafunzo wala kitabu, nyuma ya jengo. Hilo si jambo dogo, na halmashauri za sharika zinapaswa kulijibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Kila darasa la watoto thelathini au arobaini lina uwezekano wa kuwa na mmoja ambaye mlango wake mmoja haufunguki vizuri. Mwalimu anawaongoza kumshukuru Mungu kwa macho yanayoona na masikio yanayosikia, wote wanaitikia kwa furaha, na yule mmoja anabaki akijiuliza yeye ashukuru nini, au Mungu alimsahau kwa nini. Hakuna aliyekusudia kumwumiza, lakini somo lililokusudiwa kumwonyesha wema wa Muumba limemwambia kinyume chake.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana 9, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo halijafa. Mama anayejifungua mtoto asiyeona bado anakutana nalo kisimani, sokoni, hata kanisani. Wengine wanalisema kwa maneno ya kurogwa au laana ya ukoo. Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakuna dhambi ya yeyote iliyotajwa. Na katika Marko 7, alipoletewa mtu asiyesikia na asiyeweza kusema vizuri, alimtenga na umati, akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Nimelifikiria sana tendo hilo. Kwa mtu asiyesikia, maneno pekee yasingemfikia. Yesu alizungumza naye kwa mguso na kwa ishara inayoonekana, kwa milango iliyokuwa wazi. Sijui mwalimu bora zaidi wa watoto viziwi. Torati nayo, katika Walawi 19, ilikuwa imeshakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani, na amri hiyo watoto wanaielewa upesi kuliko sisi.

Kanisa katika nchi hii limelielewa jambo hilo katika nyakati zake njema. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Wakatoliki walianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na mwaka huo huo Walutheri wakaanza shule ya wasioona ya Irente, Lushoto. Mkoani Kilimanjaro, Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina shule ya viziwi Mwanga. Katika Manispaa ya Moshi, Shule ya Msingi Mwereni inawasomesha wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa kupitia Taasisi ya Msamaria Mwema, ina idara ya macho inayotibu watu kutoka mikoa mingi, watoto wakiwemo.

Ningependa kila darasa la shule ya Jumapili mjini liwaalike wanafunzi wanaosoma kwa nukta nundu waje wasome somo la siku. Waje kama wasomaji. Tusiwaweke mbele ili waonewe huruma. Watoto wanaoona waelezwe habari za Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, akapoteza uwezo wa kuona utotoni baada ya kujichoma jicho kwa chombo cha baba yake aliyekuwa fundi wa ngozi, na akabuni mfumo huo kabla hajatimiza miaka ishirini. Alikuwa pia mpiga kinanda cha kanisa huko Paris. Waambiwe wapitishe vidole vyao juu ya ukurasa wenye nukta. Watagundua kwamba vidole vyao havisomi kitu, wakati vya mwenzao vinasoma kwa kasi. Kwa saa hiyo asiyejua ni yule anayeona.

Kwa watoto viziwi, ishara chache za Lugha ya Alama ya Tanzania zinaweza kujifunzwa na usharika mzima: Mungu, asante, amani, karibu. Mtoto aliyekaa karibu na ngoma au tarumbeta kubwa na kuweka kiganja chake juu yake anaupata wimbo kwa ngozi. Awekwe mbele, mahali anapouona uso wa msomaji, badala ya nyuma na wanaolia.

Mlango wa ngozi una fundisho lake zito, la maumivu. Mtoto akiungua kwa sufuria atauliza kwa nini Mungu aliumba kuumia. Daktari Mwingereza Paul Brand, Mkristo aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia mwaka 1946, alikuta wagonjwa wa ukoma waliopoteza vidole. Watu waliamini kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaokula nyama. Brand aligundua kwamba ukoma unaua neva, na mtu asiyehisi maumivu anajiunguza, anajikata, anatembea juu ya kidonda bila kujua. Wengine waling'atwa vidole na panya usiku wasiamke. Aliandika baadaye kwamba maumivu ni zawadi. Kumwambia mtoto hivyo kidole kikiwa bado kinawaka si busara. Mpe maji safi ya baridi kwanza. Kesho yake anaweza kuelewa kwamba kile kilichomfanya aondoe mkono haraka kiliuokoa mkono huo, na kwamba wale wenye ukoma ambao Yesu aliwagusa walikuwa watu wasioguswa na yeyote.

Kuna pia upande wa tiba ambao mwalimu wa watoto asiusahau, kwa kuwa yeye ndiye anayewaona kwa karibu. Mtoto anayeitwa mkaidi, asiyeitika akiitwa kwa nyuma, anayeongeza sauti ya redio, anayejibu kitu ambacho hakikuulizwa, huenda hasikii vizuri. Usaha unaotoka sikioni si jambo la kawaida la utoto, na usitiwe mafuta ya moto wala majani. Ni wa kupelekwa hospitali. Mtoto anayesogeza daftari puani au kukunja uso anapotazama ubao apimwe macho. La haraka kuliko yote ni weupe katikati ya mboni ya jicho, ambao wakati mwingine unaonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaoondolewa kwa upasuaji. Lakini mtoto mchanga akicheleweshwa, ubongo unakosa kujifunza kuona, na upasuaji wa baadaye hauwezi kurudisha yote. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, inayotibika ikiwahiwa na inayoua ikiachwa. Sala iendelee njiani kuelekea hospitali.

Sikukuu ya Mikaeli na Watoto huja kila mwishoni mwa Septemba, na katika sharika za KKKT siku hiyo watoto ndio wanaoongoza ibada. Wanasoma, wanaimba, wanatoa ngonjera walizokariri kwa wiki kadhaa. Ninawaomba wachungaji, mapadre, makatekista na walimu wa pande zote za mlima wafanye matatu kabla ya siku hiyo. Watenge fungu katika bajeti ya mwaka kwa ajili ya mafunzo ya mwalimu wa watoto, hata mmoja. Wamwalike mhudumu wa afya Jumapili moja awapime watoto macho na masikio, baada ya ibada, bila malipo. Na wale watoto ambao wazazi wao wanawaacha nyumbani kila Jumapili kwa kuona haya, watafutwe kwa majina, nyumba kwa nyumba, na wapewe nafasi ya kusoma au kuimba kama wengine. Mzazi unayesoma makala hii na una mtoto wa namna hiyo ndani, mlete Jumapili ijayo.